Nyimbo Saba kati ya Kumi na Mbili

New York, 16 Januari 1995

Bi Prosser mpendwa,

Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni Gilbert, mtoto wa Isidore Perlstein, yule aliyekuwa akikaa chini ya piano yako wakati wa mazoezi akikufungua kamba za viatu. Leo nina miaka hamsini, tumbo limetangulia mbele, na kazi yangu ni kutayarisha michezo ya jukwaani.

Huenda habari zimefika huko Scranton: ule mchezo wa nyimbo wa baba, Harusi ya Muuza Barafu, umepanda jukwaani tena. Tuliufungua Novemba katika ukumbi mmoja wa Mtaa wa 45, na tangu hapo viti vinajaa. Wahakiki ambao kwa kawaida hawamsifu hata mama aliyewazaa wameandika kwamba walicheka mpaka machozi pale muuza barafu anapogundua kuwa binti yake anaolewa na kijana anayeuza majokofu. Mimi sikushangaa. Nilijua kitu hiki hakishindwi.

Sasa nije kwenye shida yangu. Tuzo za michezo ya Broadway hutolewa Juni, na Kamati inataka kujua mchezo wetu uwekwe fungu gani. Mchezo uliowahi kuchezwa Broadway ukirudi, unashindana na michezo iliyorudishwa tu, na nyimbo zake hazishindani kabisa, kwa kuwa zilishapata zamu yake. Mchezo mpya unashindana na michezo mipya, na watunzi wake wanaweza kupata tuzo ya nyimbo. Wetu haukufika Broadway. Ulifia Philadelphia mwaka 1951 baada ya wiki tatu. Kwa hiyo mimi nasema ni mpya. Una miaka arobaini na minne, lakini ni mpya.

Baba alikufa mwaka 1973 bila kupewa hata shada la maua kwa kazi hii. Nataka jina lake lisomwe siku ile, na litasomwa, nina hakika.

Kati ya waliokuwa ukumbini kuanzia siku ya kwanza ya mazoezi mpaka ya mwisho, uliyebaki hai ni wewe, mpiga piano wake. Nimeambatisha hati ya kiapo. Ina sentensi mbili tu: kwamba mchezo haukufika Broadway, na kwamba nyimbo zote kumi na mbili zilitungwa na Isidore Perlstein peke yake. Tafadhali itie saini mbele ya wakili unirudishie.

Wako kwa heshima,
Gilbert Perlstein


Scranton, Pennsylvania, 23 Januari 1995

Gilbert,

Nakukumbuka vizuri. Kamba hukuzifungua, ulizitafuna.

Hongera kwa mchezo. Wanafunzi wangu wameniletea magazeti, na nimeyasoma yote, hata yale yaliyokosea jina la baba yako.

Hati yako hii hapa. Sentensi ya kwanza nimeitia saini mbele ya Wakili Evans, maana ni kweli. Nilikuwapo Philadelphia ile Jumamosi tulipofungasha virago, theluji ikiwa magotini. Sentensi ya pili nimeikata kwa kalamu yangu na kutia saini kando yake, ili asije mtu akadhani wino ulimwagika.

Mimi ni mzima. Bado nafundisha piano: watoto kumi na mmoja na daktari mmoja wa meno, ambaye ndiye mvivu kuliko wote. Nisalimie dada yako Rosalyn.

Gwen Prosser


New York, 30 Januari 1995

Bi Prosser,

Nimepokea hati. Nimeigeuza-geuza siku tatu, na sasa nadhani nimekuelewa, kwa hiyo niruhusu niseme kama mtu mzima na mtu mzima mwenzake.

Mimi si mtoto tena. Baba alikuwa mwanamume mwenye maneno matamu, na wewe ulikuwa msichana mzuri uliyeshinda naye ukumbini mchana kutwa. Kama kulikuwa na jambo kati yenu, na kama lilikwisha vibaya, sikulaumu wewe wala yeye. Mama alishafariki, hakuna wa kuumia. Ninachokuomba ni kwamba usimlipize kisasi juu ya kazi yake. Nyimbo hazina kosa.

Nimeambatisha hati nyingine, safi. Sentensi ni ileile moja.

Gilbert Perlstein


Scranton, 3 Februari 1995

Gilbert,

Barua yako nilimsomea dada yangu Myfanwy kwa simu, tukacheka mpaka akaniomba nisubiri akanywe maji.

Mtoto wa mwenzangu, baba yako alikuwa anakula vitunguu vibichi kama watu wanavyokula matufaha, na alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kumtaja mama yako. Hapakuwa na jambo. Kulikuwa na kazi, basi.

Nilitaka kunyamaza, lakini umenilazimisha. Kati ya zile nyimbo kumi na mbili, saba ni zangu, maneno na muziki. Tano ni za baba yako. Hadithi yenyewe ya muuza barafu ni ya kwake yote. Niliajiriwa kupiga piano kwenye mazoezi. Wiki ya pili wimbo mmoja ukakataa, waigizaji wamesimama wanatazamana, nikasema labda uende hivi, nikaupiga. Isidore akanitazama, akasema, "Endelea, Gwen." Nikaendelea mpaka Februari.

Aliyetutayarishia mchezo wakati ule alisema bango halina nafasi ya majina mawili, tena moja la mwanamke kutoka kwenye migodi ya makaa. Isidore alibisha. Akaahidi kwamba tukifika Broadway jina langu litakuwa kando ya lake. Hatukufika. Mwaka uliofuata alipanda basi mpaka hapa, akakaa jikoni kwa mama, akaniachia nakala ya mchezo mzima. Akasema, "Ni mtoto wako pia. Fanya naye utakalo." Tangu siku ile sikuwa na kinyongo naye, na sina leo.

Sidai kitu. Bango lako liache lilivyo. Ila kuapa kwamba alitunga zote peke yake, siwezi. Hati yako ya pili nimeikunja nikaitia chini ya mguu wa piano, uliokuwa unacheza.

Gwen Prosser


New York, 9 Februari 1995

Bi Prosser,

Miaka arobaini na minne hukusema neno. Mchezo umeanza kujaza watu, na ghafla saba ni zako.

Nina nakala safi ya muziki wote. Jina lililo juu ya kila wimbo ni moja. Kama una ushahidi, ulete. Kama huna, naomba usimtajie mtu mwingine habari hizi, hasa watu wa magazeti, maana nitamtetea baba yangu kwa nguvu zangu zote, nami si mtu wa kushindwa. Kwa Kamati nitapeleka sentensi ya kwanza peke yake. Inatosha.

G. Perlstein


New York, 6 Machi 1995

Bi Gwen,

Nimeanza barua hii mara nne. Niisimulie tu kama ilivyokuwa.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Rosalyn, New Jersey. Nilikwenda kutafuta ushahidi dhidi yako, sitakuficha. Chini ya nyumba yake kuna sanduku la baba ambalo hakuna aliyelifungua tangu mazishi. Maji yaliwahi kuingia, na nusu ya karatasi zimeshikana kama mkate uliolowa. Lakini nyingine zimepona. Nimekuta nyimbo nne zikiwa bado zinatungwa: mistari imekatwa, noti zimehamishwa, neno limejaribiwa mara tano, na mwandiko ni wa wino wa kijani kibichi, uleule uliokata sentensi yangu. Pembeni, kwa penseli, baba ameandika: "Gwen, huu usiuguse tena. Umekamilika."

Rosalyn akaniuliza mbona nimekaa kwenye ngazi. Nikamwambia. Akanijibu kuwa mama alikuwa akisema siku zote kwamba Isidore aliandika mchezo mmoja na nusu maishani mwake, na hakuwahi kueleza ile nusu nyingine aliiacha wapi.

Nilikudhania mabaya mara mbili, mara ya kwanza kwa upuuzi na mara ya pili kwa dharau. Nisamehe.

Kusamehewa peke yake hakutoshi, kwa hiyo Ijumaa nimebadilisha bango. Nimeambatisha picha. Kuanzia wiki hii, juu ya mlango wa Mtaa wa 45, na katika kila programu wanayopewa watazamaji, inasomeka: Nyimbo za Isidore Perlstein na Gwen Prosser. Herufi ni za ukubwa mmoja. Nilisimama barabarani nikazipima kwa macho.

Sasa sikiliza habari njema zaidi. Kamati inakutana tarehe 6 Aprili. Wameniuliza swali moja tu lililobaki. Wana kanuni kwamba hata mchezo ambao haujafika Broadway, wakiona umeshaingia katika kumbukumbu za watu wa nchi hii, wanaweza kuuita mchezo mashuhuri wa zamani, na hapo unahesabiwa kama umerudishwa. Nimewaandikia kwamba tangu Philadelphia haujachezwa mahali popote, na kwamba hakuna anayeujua. Kwa hiyo ni mpya, nyimbo zinashindana, na mwaka huu hakuna nyimbo za kuzifikia hizi. Tutashinda, Bi Gwen. Wewe utapanda pale jukwaani na miguu yako mwenyewe.

Gilbert


Scranton, 10 Machi 1995

Gilbert mpenzi,

Picha ya bango nimeiegemeza kwenye birika, na kila nikitaka chai naisoma kwanza. Ahsante. Sikujua kama nilikuwa nalitaka hili mpaka nilipoliona.

Yale ya nyuma yamekwisha. Ungekuwa mwanangu nami ningetaka unitetee hivyo.

Lakini umewaambia Kamati jambo ambalo si kweli, na kosa ni langu, kwa kuwa sikukueleza. Nilikwambia Isidore aliniachia mchezo nifanye nao nitakalo. Ulidhani niliuweka kabatini? Mwaka 1953 niliufundisha katika shule ya sekondari ya mtaa wangu. Mwalimu mmoja wa Wilkes-Barre akaja kuona, akaomba nakala. Baada yake akaomba padri wa Hazleton. Nimekuwa nikinakili mchezo huo kwa mkono, na baadaye kwa mashine ya kanisa, na kuwapelekea watu kwa gharama ya stempu tu. Shule, makanisa, chama cha wachimba makaa, hospitali moja ya vichaa. Kila aliyeuchezesha aliniletea programu yake. Ziko katika sanduku la viatu, halafu katika sanduku la pili, halafu la tatu. Nimezihesabu jana: mia moja themanini na saba.

Muulize mtu yeyote wa upande huu aliyezidi miaka thelathini akuimbie muuza barafu. Ataimba, na ukimwachia hatanyamaza.

Gwen


New York, 14 Machi 1995

Bi Gwen,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Mia moja themanini na saba. Kwanza niruhusu nikuvulie kofia. Pili, nakuomba kwa magoti yote mawili: masanduku hayo yabaki yalipo.

Hiyo ni michezo ya shule. Watoto wenye ndevu za pamba. Hakuna mtu New York anayeihesabu, na katika Kamati hiyo yenye watu ishirini na wanne sijui hata mmoja anayekwenda Hazleton. Wanaojua ni wewe na mimi. Mimi nilipoandika kwamba hakuna anayeujua, nilikuwa naamini hivyo. Sikudanganya.

Fikiria kitakachotokea wakiyaona. Watauita mchezo mashuhuri wa zamani. Tutashindania tuzo ya michezo iliyorudishwa, nami kama mtayarishaji nitapewa kisanamu, lakini nyimbo zitawekwa kando kabisa. Jina la baba halitasomwa. Lako halitasomwa. Miaka arobaini na minne watu wameimba nyimbo zako bila kujua ni zako, na sasa lile dirisha limefunguka mara moja, nawe unataka kulifunga kwa mkono wako mwenyewe.

Si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili yako. Nyamaza mpaka tarehe 6 Aprili tu.

Gilbert


Scranton, 20 Machi 1995

Gilbert,

Nimeifikiria wiki nzima. Nisikufiche, Jumatano nilikuwa nimekubali. Nilijiona nimevaa gauni la bluu, nashuka ngazi, watu wamesimama. Lilikuwa gauni zuri.

Alhamisi akaja daktari wangu wa meno kwa somo lake. Hakuwa amefanya mazoezi, kama kawaida, akaanza kunipotezea wakati kwa hadithi za shuleni. Mwaka 1961 alikuwa muuza barafu. Aliniambia kwamba usiku ule ndipo alipojua kuwa mtu mnene anaweza kupendwa na ukumbi mzima, na kwamba mke wake alimwona kwa mara ya kwanza akiwa amebeba barafu ya karatasi. Nikamsikiliza, nikafikiri: huyu ndiye ninayetaka kuapa kwamba hayupo.

Kunyamaza kwangu kungekuwa kusema kwamba watu wale wote hawahesabiki kwa kuwa hawakai New York. Nimekwishaambiwa hivyo mimi mwenyewe, mwaka 1951. Sitawaambia wao.

Nitapeleka masanduku kwa Kamati Jumatatu tarehe 27. Nakupa wiki moja uiondoe barua yako kabla yangu haijafika, uwaambie hukujua. Hukujua, ni kweli. Kuanzia sasa unajua.

Nakala ya nitakachowaandikia hii hapa.

Gwen


[Nakala]

Kwa Kamati ya Tuzo, New York

Mabibi na Mabwana,

Jina langu ni Gwen Prosser, mwalimu wa piano, miaka sabini na saba. Nilitunga nyimbo saba za Harusi ya Muuza Barafu na marehemu Isidore Perlstein alitunga tano. Nimesikia mnajadili kama mchezo wetu ni mpya au ni wa zamani unaojulikana.

Katika masanduku haya matatu kuna programu 187, za kuanzia mwaka 1953 hadi Desemba iliyopita. Mtaona majina ya waigizaji. Wengi wao bado wako hai, na wote wanaweza kuwaimbia.

Naelewa kwamba mkikubaliana nami nyimbo zangu hazitashindana. Naandika nikijua hivyo. Bwana Gilbert Perlstein hakuwa na habari za masanduku haya mpaka nilipomwambia mwezi huu, kwa hiyo msimhesabie kosa.

Mkimaliza, naomba masanduku yangu yarudi.

G. Prosser


New York, 7 Aprili 1995

Bi Gwen,

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na baadaye kwa sababu niliona haya. Sasa yamekwisha yote mawili, nikueleze ya jana.

Barua yangu niliiondoa tarehe 24. Nilikwenda nayo mwenyewe, nikamwambia katibu kwamba niliandika bila kujua, na kwamba kuna kifurushi kinakuja kutoka Scranton. Nilitoka pale nikijiambia nimejikata mguu kwa ajili ya bibi mmoja mbishi. Nisamehe, ndivyo nilivyosema.

Jana wakaniita. Meza ndefu, watu ishirini na wanne, masanduku yako matatu katikati, yakiwa bado na alama ya duka la viatu. Mwenyekiti ni Bi Loretta Yoder, mwanamke mwembamba ambaye mjini hapa tunamwogopa kuliko kodi. Hakunisalimu. Alichukua programu moja ya Altoona, ya mwaka 1958, akaisukuma mbele yangu akasema, "Soma jina la nne." Nikasoma: Mke wa Muuza Barafu, Loretta Yoder, kidato cha tatu.

Akaniambia kwamba tangu mwanzo wa Machi alikuwa akiisubiri siku hii. Alikuwa ameisoma barua yangu ya kwanza, ile ya kusema hakuna anayeujua, akaiweka kwenye droo aone kama nitaisimamia mbele yao. Kama ningeisimamia, alisema, mchezo ungefutwa kabisa mwaka huu, fungu lolote, na mimi nisingeleta kitu mbele yao kwa miaka mitano. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza kahawa.

Kisha mzee mmoja wa mwisho wa meza akakohoa akasema yeye alikuwa binti, mwaka 1955, maana shule yao ilikuwa ya wavulana watupu. Mwingine alikuwa amepiga ngoma Harrisburg. Wakapatikana watano, Bi Gwen. Watano kati ya ishirini na wanne. Waliosalia wakawa wanawatazama kama wageni waliokosa karamu.

Kura zilichukua muda wa kuvua koti. Wote wamekubali: mchezo mashuhuri wa zamani. Tumewekwa kwenye michezo iliyorudishwa. Nyimbo hazishindani.

Kwa hiyo umeshinda ubishi na kupoteza tuzo kwa siku moja, na umeniokoa bila mimi kutaka. Nimeagiza masanduku yarudishwe kwako kwa mtu, si kwa posta.

Njoo uone mchezo. Sikuulizi, nakujulisha. Tiketi ya basi imo humu.

Gilbert


New York, 22 Mei 1995

Bi Gwen,

Ukumbi bado unakuzungumzia. Kiongozi wa wapiga muziki amekubali kwamba alikuwa anauvuta pole pole mno wimbo wa kuoshea vyombo, na tangu ulipomwonyesha kwa kidole chako kwenye mkono wa kiti watu wanaucheka mara mbili. Waigizaji wanataka kujua utarudi lini. Yule anayecheza binti anasema hajawahi kusahihishwa kwa upole na kwa ukali kwa pamoja.

Nilikuwa nakutazama wewe kuliko jukwaa. Ulipofika wimbo wa Gari Tupu, pale muuza barafu anaposimama peke yake asubuhi ya harusi na farasi ameshauzwa, hukupumua. Hata mimi sipumui, na nimeusikia mara mia mbili. Karatasi zake ziliharibika na maji, sikuzikuta kwa Rosalyn, lakini sikuhitaji kuzikuta. Ni wako, unajulikana kwa sauti. Kama baba alikuwa na nyimbo tano, basi zilikuwa za kujazia nafasi, nami nimekwisha kulikubali hilo. Si kila mtu ana wimbo kama ule ndani yake.

Sherehe ni tarehe 11 Juni. Nimekuwekea kiti kando yangu.

Gilbert


Scranton, 26 Mei 1995

Gilbert,

Tarehe 11 Juni wanafunzi wangu wana onyesho lao. Lilipangwa tangu Septemba, na daktari wa meno ndiye wa mwisho kupiga. Siwezi kumwacha.

Vaa viatu vilivyozoea mguu. Kuna ngazi.

Gwen


Scranton, 12 Juni 1995

Gilbert mpenzi,

Tulikuona. Onyesho letu lilikwisha mapema, na wazazi wakakataa kwenda nyumbani. Wakaleta televisheni kutoka ofisi ya kanisa, wakaiweka juu ya piano yangu bila kuniomba ruhusa. Lilipofika fungu la michezo iliyorudishwa, na yule mama akafungua bahasha akasema Harusi ya Muuza Barafu, daktari wangu alinikumbatia mpaka miwani ikadondoka. Nikapitwa na sura yako, lakini sauti niliisikia.

Nasikia hupewa sekunde arobaini na tano. Ulizimaliza zote kwangu. Ulisema nyimbo mlizoziimba shuleni hazikuwa za mtu asiyejulikana, zilikuwa za Gwen Prosser wa Scranton, Pennsylvania. Ukalirudia jina langu mara mbili, polepole, kama mtu anayemwagiza tarishi. Watu wangu hapa walipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza. Nisiseme sikufurahi. Nilifurahi mpaka mikono ikawa ya baridi.

Halafu muziki ukaanza kukufukuza, ukatoka jukwaani mdomo ukiwa wazi. Baba yako hukumtaja.

Najua ulikuwa unataka kumtaja. Najua pia kwamba ulimweka mwisho, na najua kwa nini, maana mimi ndiye niliyekufanya umweke mwisho. Barua yako ya Mei, ile ya Gari Tupu, niliisoma nikaijibu kwa mistari mitano ya viatu na ngazi. Mimi niliyekataa kuapa kwa sentensi moja, niliyepeleka masanduku kwa Kamati, nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa tamu. Mtu akikwambia kwamba kitu kizuri kuliko vyote ni chako, na hakuna shahidi aliyebaki hai, utaona jinsi ulimi unavyokuwa mzito.

Gari Tupu ni wa Isidore. Neno kwa neno, noti kwa noti. Aliutunga kwenye treni ya kwenda Philadelphia, kati ya Trenton na kituo cha mwisho, mimi nikiwa nimelala kwenye kiti cha mbele yake. Nilipoamka alinipa karatasi akasema, "Nitazamie kama kuna kosa." Nilitafuta kosa njia nzima. Nilitaka sana nilipate. Nimetunga nyimbo saba nzuri, Gilbert, nami sijidharau, lakini huo mmoja nimemwonea wivu kwa miaka arobaini na minne, na kila mwanafunzi niliyemfundisha nimemwambia ni wa nani. Wewe peke yako sikukwambia.

Pale ukumbini sikupumua kwa sababu nilikuwa namsikia yeye.

Karatasi yenyewe haikuharibika kwa maji. Haikuwa kwa Rosalyn, ilikuwa kwangu, ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Ni nyuma ya ratiba ya treni, kwa penseli, na kuna doa la kitunguu pembeni. Imo katika bahasha hii, kati ya kadibodi mbili. Usiikunje, na usiiweke juani. Penseli imeanza kufutika kwenye mstari wa tatu, lakini ukiishika kwa kuinamisha kidogo dirishani, mwandiko wa baba yako unasomeka wote.

Gwen